Kutoka Mizani ya Timbo hadi Chupa ya Maji

Riziki yangu ya kwanza ilikuwa mizani. Nilikuwa karani katika timbo moja lenye krasha upande wa Ndarugo, Juja, hapo katikati ya Ruiru na Thika. Mawe ya kujengea huuzwa kwa futi, lakini kokoto na vumbi huenda kwa tani, na mimi nilikuwa mtu wa tani. Lori likiingia tupu naandika uzito, likitoka limejaa naandika uzito, natoa hiki kwenye kile, nazidisha kwa bei, na jioni tajiri anakagua kitabu. Dereva aliweza kubishana nami kuhusu foleni, kuhusu bei, hata kuhusu matope yaliyoganda kwenye magurudumu na kuongeza kilo. Mizani ikishasema, maneno yaliisha.

Huu ni ushuhuda wa jinsi nilivyotoka hapo nikaingia kazi ambayo kinachopimwa hakionekani, hakinuki, na mara nyingi bado hakijatokea siku unapokwenda kukipima. Sijui kama ungefaa kusomwa kanisani, maana hauna usiku uliogeuka mchana ghafla.

Nyuma ya krasha yetu kulikuwa na mlima wa vumbi la mawe. Wengine walilinunua la kumwaga chini ya kabro, wengine la kufyatulia matofali, na lililobaki lilipeperuka likaingia vifuani mwetu. Siku moja akaja dada mmoja wa mradi wa utafiti, amevaa gambuti, ana chekecheo za chuma zinazoingiana. Hakuanza na bei. Alilipitisha vumbi kwenye chekecheo, akaandika ni kiasi gani kilibaki juu na kiasi gani kilipita, akauliza jiwe lenyewe lilichimbwa kina gani. Nikamuuliza, “Dada, kwani unajenga nini?” Akasema, “Sitaki lijenge kitu. Nataka liyeyuke.”

Mtu aliyelelewa na timbo ukimwambia jiwe linayeyuka, atakusikiliza kwa heshima tu. Nilimsikiliza kwa heshima.

Maelezo niliyapata kwa awamu, mengine nikiwa nimekalia magunia. Mvua ikishuka hubeba kaboni dioksidi kidogo kutoka angani, na ikiingia udongoni hubeba nyingi zaidi, kwa kuwa mizizi na vijidudu hupumua humo. Maji hayo yanakuwa asidi hafifu, ile ile iliyomo ndani ya soda. Asidi hiyo hula jiwe taratibu. Jiwe linaachia kalsiamu, magnesiamu na sodiamu, na ile kaboni iliyokuwa hewa inageuka bikaboneti, kitu kilichoyeyuka majini. Inashuka hadi maji ya chini ya ardhi, inaingia mtoni, inafika baharini, na huko hukaa maelfu ya miaka. Dunia imekuwa ikiifanya kazi hii bila kuombwa na mtu, ikiondoa takriban tani bilioni 1 za kaboni dioksidi kila mwaka. Sisi kwa kuchoma mafuta, makaa na gesi tunatoa zaidi ya bilioni 35. Ukilisaga jiwe likawa unga, unaongeza mahali pa kuguswa na maji, na kazi ya karne nyingi inaweza kufupishwa ikawa ya miaka. Mwaka 2020, David Beerling wa Chuo Kikuu cha Sheffield na wenzake walikadiria katika jarida la Nature kwamba unga wa aina hii ukisambazwa kwenye mashamba ya nchi kubwa za kilimo unaweza kuondoa kati ya nusu bilioni na bilioni 2 za tani kwa mwaka. Hayo ni makadirio. Karani wa mizani hulipwa kwa kilichopakiwa.

Kilichonifanya niache kusikiliza kwa heshima tu ni magadi. Nyumbani kwetu mama huweka magadi kidogo kwenye sufuria ya githeri ili mahindi makavu na maharagwe yaive upesi. Yanatoka Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa 1911. Maji ya mvua na ya chemchemi za moto hupita kwenye miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa, yakakusanya sodiamu na bikaboneti, yakaishia kwenye ziwa lisilo na mto wa kutokea, jua likayakausha, ukabaki huo ukoko mweupe. Sehemu ya kaboni iliyomo ilipanda kutoka chini kwenye volkeno, nyingine iliwahi kuwa hewa. Kwa hiyo jambo lile nililoona la ajabu lilikuwa jikoni kwetu miaka yote, kwenye kikopo cha kasuku.

Halafu yule dada akaniambia mawe yetu hayafai sana. Miamba ya volkeno ya eneo la Thika na Ruiru mingi ni trakaiti, fonolaiti na majivu ya volkeno yaliyoshikana. Ina sodiamu na potasiamu ya kutosha, lakini kalsiamu na magnesiamu ni haba, na madini yake mengi huyeyuka kwa uvivu. Inayotafutwa ni basalti, jiwe jeusi lenye chembe zinazoachia upesi, na hiyo inabidi iletwe kutoka mbali zaidi, upande wa Mlima Kenya. Tani moja ya basalti nzuri, ikiyeyuka yote, inaweza kushika takriban kilo 300 za kaboni dioksidi. Yote haiyeyuki mwaka mmoja. Na lori lililoileta limechoma dizeli, kila lita ikitoa zaidi kidogo ya kilo mbili na nusu. Hesabu hiyo niliielewa kabla hajamaliza sentensi, kwa kuwa ndiyo hesabu ya timbo: uzito mtupu hutolewa kwenye uzito uliojaa. Nilipoambiwa wanatafuta mtu wa kubeba magunia na kuandika daftari shambani, nikaenda.

Shamba la kwanza nililopangiwa lilikuwa la kahawa, juu kidogo ya Thika, karibu na Mto Chania. Mwenye shamba ni mama mzee ambaye mtaa mzima humwita Shosho. Miti yake ni Ruiru 11, ile aina iliyotolewa 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ili kustahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Udongo ni ule mwekundu mnaoujua, unaoshika viatu kama deni. Ni wa kina kirefu, lakini miaka mingi ya DAP na mbolea nyingine za amonia imeutia asidi. Nilivaa barakoa tukiusambaza unga, na nikawalazimisha vijana wenzangu wavae, kwa sababu nimewaona wazee wa timbo wakikohoa, na vumbi la silika halijali kama liko kwenye krasha au kwenye kahawa.

Kusambaza kuliisha upesi. Wapiga picha wakipata ile picha ya mtu na koleo na wingu la vumbi hudhani wamepata habari yote.

Kazi ilianza tulipofukia vikombe. Ni vikombe vya kauri, vidogo kama kidole gumba cha mtu mzima, vyenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Unachimba shimo jembamba hadi chini ya mizizi mingi, unamimina uji wa udongo laini ili kikombe kishikane na ardhi pasiwe na nafasi ya hewa, unakipandishia mpira mwembamba hadi juu. Ukiunganisha pampu ya mkono na kuvuta hewa, kikombe kinaanza kunyonya maji ya udongo, tone kwa tone. Unaacha, unarudi, unakuta maji kidogo kwenye chupa. Kiangazi unakuta chupa kavu. Mwezi wa nne na wa tano, masika yakishika, unapata ya kujaza.

Maji hayo unayachuja papo hapo. Unapima pH hapo hapo shambani, kwa kipimo ulichokisawazisha asubuhi, maana hewa ikitoka kwenye maji pH inapanda na utakuwa unapima safari ya pikipiki badala ya udongo wa Shosho. Unajaza chupa hadi mdomoni bila kubakiza povu, unaiweka kwenye kasha la barafu. Maabara wanadondosha asidi ya kipimo kinachojulikana hadi pH ishuke karibu 4.5, na kiasi cha asidi kilichotumika kinawaambia maji yalikuwa na alkali kiasi gani. Alkali hiyo ndiyo alama ya bikaboneti. Nilipenda jambo moja hapo: hewa ikitoroka chupani pH inabadilika, lakini kiasi cha alkali hakibadiliki. Katika kazi hii iliyojaa vitu vinavyoteleza, nimepata kimoja kinachokaa, na nimekishikilia.

Sasa ona ukubwa wa kinachotafutwa. Thika hupata mvua ya takriban milimita elfu moja kwa mwaka, na nyingi hurudi angani kupitia majani na jua. Tuseme milimita 300 zinapenya hadi chini ya mizizi. Kwa hekta moja hayo ni maji lita milioni 3. Tuseme pia unga umeongeza katika kila lita bikaboneti inayobeba miligramu 44 za kaboni dioksidi, ongezeko ambalo maabara ingelipigia makofi. Piga hesabu: kilo 132. Hekta nzima, mwaka mzima, na ni zaidi kidogo tu ya magunia mawili ya kahawa. Tani hizi huuzwa kwa wanunuzi wa kaboni, kwa hiyo ukikosea makadirio ya maji yaliyopenya, ukasema 300 kumbe ni 150, umeuza hewa mara mbili ya uliyonayo. Na milimita hizo hakuna anayeziona zikipita. Zinakadiriwa kwa mvua, joto, upepo na aina ya udongo. Ndiyo sababu siku hizi kipima mvua kikizibwa na majani nakasirika kuliko nilivyokasirika gurudumu likiwa na matope.

Kuna jambo lilinichukua muda kulimeza. Kwenye udongo wenye asidi kali, jiwe likiyeyuka huanza kwa kuituliza ile asidi iliyopo. Kalsiamu inashikwa na udongo, inaondoa alumini kwenye viti vyake, na maji yanayotoka chini yanaweza kukaa msimu hadi msimu bila bikaboneti ya maana. pH ya udongo ikiwa 5, sehemu kubwa ya kaboni iliyomo majini bado ni hewa iliyoyeyuka, tayari kurudi ilikotoka. Tena mbolea ya amonia ikibadilishwa na vijidudu hutoa asidi ya naitriki, na asidi hiyo hula jiwe vizuri sana bila kuondoa hata gramu moja ya kaboni hewani. Mtu anayepima tu jiwe lililopotea, akasema kilichopotea ndicho kilichoshika kaboni, atapata tani nyingi nzuri za uongo. Kwa mkulima habari ni njema: udongo wake unapona kwanza, kabla ya mnunuzi wa kaboni kupata chochote. Binafsi naona utaratibu huo ni wa haki, ingawa haukupangwa na mtu.

Msimu uliofuata majibu ya maabara yalitoka yamepinduka. Kila shamba lina kipande cha kulinganishia, kisichowekwa unga, ili tujue udongo ungefanya nini wenyewe. Kwa Shosho, kipande hicho ndicho kilichokuwa na alkali nyingi kuliko kile chenye basalti. Vijana wa maabara walirudia. Jibu likawa lile lile. Wakaanza kushuku vikombe, wakashuku chupa, wakanishuku mimi kimyakimya. Nikapanda matatu, nikaenda kumwona Shosho.

Alinikaribisha chai kwanza, kama inavyopasa. Nikamuuliza kama kuna kitu kimewekwa pale. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mjukuu wangu, kile kingine mlikipa unga wa mawe, hiki mkakiacha na njaa. Sasa mimi ni mama gani, nilishe mtoto mmoja?”

Alikuwa amemwaga majivu ya jikoni, ndoo kwa ndoo, safu kwa safu, na kwa moyo safi akaongeza mbolea ya CAN iliyobaki kwenye mfuko. Majivu ya kuni yamejaa kaboneti za potasiamu na kalsiamu. CAN yenyewe huchanganywa na chokaa iliyosagwa. Vyote viwili huingiza alkali majini, na kikombe cha kauri hakiulizi ilitoka jikoni au volkeno. Sikuwa na la kumlaumu. Ukulima wote wa maisha yake unasema mmea uliokonda unalishwa. Tulitafuta kipande kingine cha kulinganishia, na tangu hapo daftari langu lina ukurasa wa nyumba: nani amemwaga nini, mbuzi wamelala wapi, gunia gani la mbolea limefunguliwa. Naona ukurasa huo una thamani kuliko mashine moja au mbili zilizonunuliwa kwa bei kubwa.

Wako wanaotaka kukwepa maji na kupima udongo wenyewe. Timu ya Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walichapisha 2023 njia inayotumia titaniamu. Titaniamu iliyomo kwenye jiwe haiyeyuki kirahisi, inabaki, wakati kalsiamu na magnesiamu zinaondoka. Ukilinganisha kilichobaki na kilichoondoka unajua jiwe limeyeyuka kiasi gani. Ni akili nzuri. Ila udongo wetu mwekundu ni mzee, umenyeshewa ukaoshwa hadi yamebaki yale yasiyoyeyuka, titaniamu ikiwemo kwa wingi. Kutafuta humo titaniamu kidogo ya unga wako ni kazi ngumu, na inadai sampuli nyingi mno kwa kila robo eka. Kwa hiyo tunatumia njia zote mbili na kuangalia kama zinasalimiana.

Nawaonea wivu kidogo watu wa visima. Huko Aisilandi, mradi wa Carbfix uliingiza kaboni dioksidi iliyoyeyushwa majini ndani ya basalti mwaka 2012, na 2016 ikachapishwa kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe chini ya miaka miwili. Hapa kwetu Octavia Carbon wana mashine za kunasa hewa hiyo Gilgil, na mpango wao na kampuni ya Cella ni kuizika kwenye miamba ya Bonde la Ufa. Wao wana bomba. Ukijua kilichopita kwenye bomba umeshajua mengi. Sisi shamba liko wazi juu, wazi chini, na Shosho anapita katikati na ndoo.

Hata maji yakishatoka shambani hayajafika. Jambo hili sikuwahi kulifikiria nikiwa Ndarugo: Thika na Ruiru ni miji jirani, matatu moja, lakini maji yao hayaendi pamoja. Chania inaingia Mto Thika, Thika inaingia Tana, na Tana inapita Masinga na mabwawa mengine kabla ya kufika baharini karibu na Kipini. Mto Ruiru na Ndarugu huingia Athi, ikaruka maporomoko ya Fourteen Falls, ikawa Galana, ikawa Sabaki, ikamwagika kaskazini ya Malindi. Njiani maji yanakaa kwenye bwawa, yanapigwa jua, chokaa inaweza kuganda na sehemu ya hewa ikarudi juu. Kila safari ina makato yake. Wanaouza tani leo hukata asilimia fulani kwa ajili ya mto na bahari, na asilimia hiyo ni ya hesabu za kompyuta, si ya chupa. Ningetamani siku moja tuchote maji kuanzia Chania hadi Kipini.

Majirani huniuliza swali moja: “Pesa ya hewa inaingia lini?” Wana haki. Wamesikia Mati Carbon, wanaofanya kazi na wakulima India, Zambia na Tanzania, wameshinda zawadi ya XPRIZE ya dola milioni 50 mwezi wa nne 2025. Wamesikia kampuni ya Flux ya Nairobi inasambaza unga kwa wakulima wa Kenya. Pia wamesikia mizozo ya miradi ya kaboni ya kaskazini. Nawaambia ninachokijua. Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikatoka 2024. Miradi iliyo kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima iwe na mkataba na jamii, na ile inayotegemea ardhi iipe jamii isiyopungua asilimia 40 ya mapato baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Shamba la mtu binafsi linaegemea karatasi aliyotia sahihi mwenyewe, kwa hiyo isomwe, tena isomwe na mtoto aliyesoma. Nawaambia pia wapime udongo kabla ya kununua chokaa au mbolea yoyote, kwa sababu faida ya kwanza ya unga huu iko kwenye pH yao wenyewe na hiyo haihitaji mnunuzi wa ng'ambo.

Timboni, karani aliyemwambia tajiri kwamba lori limebeba kati ya tani nane na kumi na mbili angeonyeshwa geti. Leo ndivyo ninavyoandika, kati ya hapa na hapa, na mtu akinitaka nifute upande wa chini nibakize wa juu, nakataa. Nilishaombwa, kwa upole, na mtu aliyekuwa na haraka ya kuuza. Nilimpa daftari achague mwenyewe ni chupa gani kavu ambayo angependa kuihesabu kuwa imejaa. Hakurudi kwa suala hilo.

Kabla ya masika yanayokuja tunafukia vikombe upande wa Ruiru, kwenye kahawa chache zilizobaki katikati ya ploti za nyumba. Maji ya huko ni ya Athi, na udongo haujapewa DAP kwa wingi kama wa Shosho, kwa hiyo huenda bikaboneti ikaonekana mapema zaidi. Mwenye shamba ameshatia sahihi, akataka kujua kitu kimoja tu: ile sehemu tusiyoweka unga, mbuzi wake wanaruhusiwa kupita? Nimemwambia wapite, bora aniandikie tarehe.